Bibi Hana pa Kumwaga Samadi

Usiku ule nililala kwa raha, maana tulikuwa tumeshinda. Kijiji kilitaka kujenga stendi mpya na soko ndani ya kibanja chetu, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kwa sababu ni tambarare na liko karibu na barabara. Humo ndimo alimozikwa Bibi. Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, aligomba kwenye kamati mpaka sauti ikamkauka. Niligomba upande wake, na mimi nikianza kusema watu hutafuta mlango. Mwishowe afisa mipango akachora upya: lami ipite kulia, maduka yakae kushoto, makaburi yetu yabaki palepale katikati, yazungushiwe ukuta na geti la chuma. Tukaona tumepewa dunia. Kilichobaki ni mkutano wa kijiji asubuhi, tunyooshe mikono, mambo yaishe.

Basi nikasinzia, na Bibi akaja.

Hakuja na nguo nyeupe kama watu wanavyosimulia. Alikuja na kanga yake ya kazi, ile iliyochanika pindoni, na kikapu cha samadi kichwani. Harufu ya zizi ilimtangulia. Nikafurahi, nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Kaburi lako tumeliokoa." Hakuitikia. Bibi huyu, ambaye shikamoo ya mtoto haikuwahi kumpita bila marahaba, alinipita kama aliyeona kisiki.

Nikamfuata. Anatembea kibanjani na mimi niko nyuma yake, ila chini ya miguu yetu hakuna nyasi wala majani makavu ya migomba. Ni zege tupu, linachoma nyayo. Bibi anafika pale uliposimama mgomba wake mkubwa, anainama, anamimina samadi. Inateleza, upepo unaichukua. Anaikusanya kwa viganja, anasogea kidogo, anamimina tena. Inateleza vilevile.

Ananigeukia. "Nimwage wapi?"

Nyuma yake naona wanakuja wengine, mama mkwe wake na wakwe wa huyo, wanawake nisiowajua kwa sura ila nawatambua kwa mwendo. Kila mmoja ana mzigo kichwani: huyu majivu ya jikoni, huyu maganda ya ndizi, huyu nyasi alizokata kule rweya, ile nyika ya changarawe nje ya kijiji ambako hata maharage yanasinyaa. Hapo nikaelewa jambo nililolijua tangu utotoni bila kulifikiria. Udongo wetu mweusi hatukuukuta. Ulikuwa changarawe kama rweya, wakaulisha hawa, kikapu kwa kikapu, mmoja akifa mwingine anapokea. Sasa wanazunguka juu ya zege, shingo zinawatetemeka, na hakuna aliye na pa kutua.

Mara tuko jikoni. Bibi amekaa kwenye kigoda, na mbele yake binti yangu Koku ameshika sahani. Koku ni mzee kuliko mimi, mashavu yamembonyea. Nafunua sufuria ili nimpakulie mwanangu. Zinachemka kokoto.

"Mmenijengea ukuta," Bibi anasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mifupa yangu haili, mjukuu wangu. Anayekula ni huyu."

Nikalia. Nikamwambia tumeshakubali, Bibi, baba mdogo ametoa neno mbele za watu.

"Nihamisheni mimi, wasidhani mnatetea kaburi. Nipelekeni rweya, na stendi yao iende hukohuko. Udongo uacheni."

Akainuka, akanitwika kile kikapu. Kilikuwa kizito hata nikashindwa kupumua, na ndivyo nilivyoamka.

Kulishapambazuka. Baba mdogo alikuwa uani, ameshavaa koti la mkutano, anapiga viatu rangi. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Brashi ikasimama mkononi mwake.

"Unaniambia nimfukue mama yangu."

"Ndivyo alivyosema, baba mdogo."

"Mwezi mzima tumewasumbua watu kwa ajili ya kaburi hili. Leo tuseme lichimbuliwe? Watatucheka."

Nikamwambia wacheke. Sisi tulikuwa na kaburi tu midomoni, hata rweya hakuna aliyeitaja, na iko pale pana, haina shamba la mtu. Aliweka brashi chini. Akaenda kibanjani, akachuchumaa kando ya kaburi, akatia mkono kwenye nyasi zilizooza ukazama hadi kifundoni. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo ukimtikisika. Sijawahi kumwona baba mdogo akilia, na siku ile pia nilitazama pembeni.

Aliporudi alipitia stoo, akatoka na chepe begani.

"Tutaingia nalo mkutanoni," akasema. "Wakiliona watajua hatutanii."

Tukashika njia. Shingo bado inaniuma.