Sanduku Lililofika Kolo Kabla Yetu

Kaka yangu alifanya kazi kwenye meli za mizigo. Alifia ng'ambo, wakamzika huko huko. Habari ilitufikia sisi wa Dodoma kwa simu. Mama yetu yuko Kolo, ana presha, na kwetu mama haambiwi msiba wa mwanawe kwa simu. Wakubwa wakakaa, wakaamua aambiwe kwanza kwamba mtoto anaumwa, halafu anaumwa sana, ndipo twende wote.

Kulikuwa na jambo moja la kuangalia. Wenzake walikuwa wamemtumia mama sanduku la vitu vyake kwa meli.

"Hilo lisikutishe," mjomba aliniambia. "Bandarini pale hata embe bichi huivia foleni. Tutamwambia, tutamaliza na arobaini, sanduku bado linatafutiwa muhuri."

Nilimwamini. Marehemu mwenyewe, akija likizo, alitangulia yeye, kisha akahangaika Dar es Salaam na karatasi ofisi hadi ofisi ndipo mzigo umfuate.

Hata hatujafika kwenye kuumwa sana, wakala wa kutoa mizigo, aliyepewa namba yangu na wenzake wa melini, akanipigia asubuhi.

"Dada, pole na msiba. Mzigo wenu umelala Dodoma, gari linaondoka sasa kwenda Kolo."

"Umetokaje bandarini? Sijaleta karatasi hata moja!"

"Siku hizi ni blokcheni, dada. Ni kama daftari moja ambalo meli, bandari na forodha wote wanalo. Mmoja akiandika, wote wanaona papo hapo, na hakuna wa kufuta. Karatasi za kuzungusha hazipo tena."

"Lisimamishe hilo gari."

"Siwezi. Mpokeaji ni mama, na dereva ameshampigia."

Nilipanda basi na kanga ile ile niliyokuwa nikipikia. Njia nzima nilitafuta neno la kuanzia.

Nilikuta sanduku limeshateremshwa barazani. Majirani walikuwa wamejaa, mmoja anacheka, "Fungua tuone zawadi za ng'ambo! Au unaogopa macho yetu?" Mama alikaa kando ya sanduku. Dereva alikuwa amemnyooshea simu aweke kidole, kuonyesha amepokea, naye ameficha mikono ndani ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. "Mwanangu hajawahi kutanguliwa na mzigo wake. Mmemzika lini?"

Kicheko cha jirani kilikatika. Nilitua mkoba, nikamwambia siku, na mji, na kwamba waliomwosha walikuwa Waislamu wenzake.

"Nani wengine wanajua?"

"Wote, mama."

Alitoa mkono, akaweka kidole. Simu ikalia. Dereva, asiyejua pa kutazama, akasema taratibu kwamba tayari, huko bandarini wameshaona.

"Haya," mama akawaambia majirani. "Tandikeni mikeka."