"Mashine Lala"

Juzi nilikuwa katika kiwanda cha nguo hapa Morogoro, kimojawapo cha vile vilivyouzwa kwa wawekezaji. Fundi Mchina alikuwa ameinama kwenye mashine, na mama mmoja wa kijiji cha Mlali amesimama kwenye swichi. Hawana lugha moja. Maneno yao wameyatunga wenyewe humo humo kazini.

"Mama, mashine amka," fundi akasema. Mama akaiwasha.

Ghafla mashine ikanasa mkono wa shati la fundi na kuanza kumvuta.

"Lala! Mama, lala!"

Mama akazima papo hapo. Fundi akachomoa mkono, mzima.

"Fundi pole mingi," mama akamwambia. "Chai sasa, kazi baadaye."

Mwalimu wa Kiswahili angewafelisha wote wawili. Mimi nilikaribishwa chai hiyo, na sikuona neno lililopungua.