Chipu Iliyoanikwa Pamoja na Mpunga

Mwanangu, wewe unayejifunza ufundi kwangu, siku ile naikumbuka kwa harufu ya pumba. Ilikuwa miaka ya tisini, pale Kibaoni, nami nilikuwa msichana pekee katika karakana ya Mzee Alfonsi, fundi aliyesomea mitambo na asiyependa mtu wa papara. Mimi nilikuwa wa papara, kama wewe.

Tulikuwa tumetengeneza kisanduku cha kuongoza mashine ya kukoboa mpunga. Ndani mlikuwa na chipu moja, ndiyo ubongo wa kisanduku, na programu yake niliiandika mimi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuendesha mota, ila vitu viwili viliruhusiwa kuikatiza: saa ya ndani iliyohesabu muda, na kitufe chekundu cha kusimamisha mashine. Kwa kujiona kwangu, saa ilipokatiza niliipa chipu kazi zote palepale: ihesabu, iandike kwenye skrini, ipige kengele mpaka mwisho. Ikiwa katika kazi hizo, haikusikia kitu kingine, hata kitufe.

Siku ya majaribio Damasi, kijana aliyeajiriwa kuiendesha mashine, alibonyeza kitufe chekundu wakati kengele inalia. Mkanda wa mashine uliendelea kuzunguka. Kengele ilipokoma, ndipo ukasimama.

"Ni sekunde mbili tu," nikasema.

"Mkono wa huyu kijana ukinaswa, hauna sekunde mbili," Mzee akajibu. "Felista, ukiwa unasonga ugali, mtu akapiga hodi, unafanyaje?"

"Naitika karibu."

"Unauacha ugali uungue, ukae naye mpaka aage?"

"Hapana, mzee. Naitika, namalizia ugali, ndipo namhudumia."

"Basi saa ikipiga hodi, chipu iitike tu, iweke alama, irudi kwenye mota. Kengele itapigwa baadaye. Masikio yabaki wazi, mtu akipiga yowe usikie."

Damasi akaingilia, "Mzee, tuanze tu, nitajihadhari. Mpunga wa watu unangoja."

Mzee alikataa katakata; ilinipasa kuandika programu upya.

Chipu ile ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, na programu ya zamani haikufutika mpaka mwanga mkali upite hapo. Taa ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Tukaianika juani kwenye turubai, pembeni ya mpunga wa mama yangu. Kila jioni Damasi alikuja kuiulizia chipu kama anayeulizia mpunga.

"Hodi, fundi! Imekauka?"

"Bado!"

Niliitika kabla hajamaliza. Wakulima walinung'unika, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba mawingu.

Nilipoweka programu mpya, Damasi alibonyeza kitufe kengele ikilia, na mkanda ukasimama hapohapo. Alikoboa mpunga miaka mingi, akazeeka na vidole vyake vyote. Vidole hivyo vilinivisha pete, vikawabeba watoto wetu. Na kila alipotoka mashineni, pumba kichwani, alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kuuliza kama imekauka.

Sasa hayupo duniani. Jioni harufu ya pumba ikiingia dirishani, mdomo wangu husema "Bado!" kabla sijakumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza. Namkumbuka sana, mwanangu, wala sioni haya kusema.

Basi nakuusia. Kinachokukatiza kiitikie kwa kifupi, kiwekee alama, urudi kwenye kazi yako, masikio yakiwa wazi. Na ukijisikia unasema ni sekunde mbili tu, tazama kwanza mkono wa nani uko karibu na mkanda. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na jioni akuletee mtu wa kukupigia hodi.