Kilti ya Jirani Yetu wa Bladensburg

Jumamosi iliyopita, kwenye treni pale College Park, huku Marekani, alipanda kijana amevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, na fulana ya kawaida na mkoba mgongoni. Hakuna aliyeinua macho kwenye simu yake. Mimi nilimtazama mpaka nikapitwa na kituo changu, maana mawazo yalikuwa yamenirudisha Bladensburg, mji mdogo wa Maryland, kwenye ghorofa letu la matofali, mwaka Bibi alipotujia kutoka Unguja.

Bibi alikuja na udi wake na iliki yake, na wiki za mwanzo nyumba ilinukia kama sikukuu. Kisha siku moja, akisubiri basi na Baba, watu waliokuwa ndani ya gari walipunguza mwendo wakamzomea kwa sababu ya buibui lake. Tangu hapo hakutoka. Baridi yote aliimaliza dirishani. Baba akirudi jioni kutoka kazini, alikokuwa akihudumia wagonjwa, hukutana na neno lile lile: "Mwanangu, nitafutie tiketi nirudi kwetu." Baba anapita kunawa mikono.

Mlango wa pili aliishi mzee wa Kiskoti, fundi mstaafu wa mabasi. Kilti ndiyo iliyokuwa nguo yake ya kutupia taka, ya kufulia, ya kwendea sokoni. Asubuhi moja Bibi alimwona kupitia upenyo wa mlango.

"Mbona mzee yule kavaa msuli wa sufu?"

"Ni kilti, Bibi. Kwao wanaume wanavaa."

"Na huko nje hawamcheki?"

"Wanamcheka."

"Sasa yeye hufanyaje?"

Sikujua. Akanituma nikamuulize, naye akasimama nyuma yangu, kanga kichwani.

"Mwambie bibi yako nawapungia mkono," mzee alisema. "Na mwambie nakwenda sokoni, kama anataka tufuatane."

Nilitafsiri kwa Kiswahili changu cha kubahatisha, cha mtoto aliyezoea kujibu kwa Kiingereza. Bibi alivua kanga kichwani. Halafu akasema, "Nipe buibui langu."

Tulipofika kituo cha basi, vijana waliokuwa ng'ambo ya barabara walipiga mluzi. Sijui walimpigia nani kati ya wale wawili. Mzee akapunga mkono. Bibi akamtazama, kisha naye akapunga, mikono yote miwili, kama anayemuaga mtu anayekwenda Hija. Kijana mmoja akapunga pia. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Jumamosi zikawa zao. Mandazi ya nazi yalivuka korido kwenda, biskuti za shayiri zikavuka kurudi. Bibi alimfundisha kusema "shikamoo", naye akawa anamwamkia kila mtu, hata mimi, mpaka Bibi akamgombeza: "Huyo mtoto! Yeye ndiye akuamkie wewe!"

Habari ya tiketi hatukuisikia tena. Na Idi iliyofuata, Baba, ambaye siku zote alibeba kanzu kwenye mfuko akavalie msikitini, alitoka mlangoni ameshaivaa, na kofia kichwani. Tulipanda treni hivyo hivyo. Nilimshika mkono njia nzima.

Bibi aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, na tulimzika huko huko Maryland. Mzee alikuja makaburini na mkongojo, kilti yake imepigwa pasi. Wanaume wa msikitini wakasogea kumpa nafasi. Mmoja akamuuliza Baba, "Yule nani?" Baba akajibu, "Mwenzake mama."

Sasa mzee naye hayupo, na ghorofa lile limebomolewa. Naishi Fairfax, jimbo jirani la Virginia, kwenye jengo zuri lenye zulia korido nzima, na jirani wa mlango wa pili simjui hata jina. Nashukuru nilipata kuiona ile milango miwili ikiwa wazi, na wazee wawili wakigombana juu ya salamu, wakinisubiri nitafsiri.