Futi Tatu za Fundi

Mtaani walisema sitamaliza chuo. Nilipomaliza, wakasema stashahada haiezeki nyumba, na kwamba kuta zangu pale Buzebazeba, karibu na ziwa, zitaota nyasi kabla hazijaona bati. Mimi niliyejisomesha kwa kubeba zege Dar es Salaam sikuona sababu ya kuwajibu.

Kuta zilikuwa za tofali za udongo, na mama yangu alikuwa akisubiri kuhamia. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache kuanza. Fundi wa paa, mzee kutoka Mwandiga, alinyoosha kamba, akakuna kidevu, akasema, "Mbao za kenchi, kila moja futi kumi na saba."

Nikamtilia shaka papo hapo. Kwetu vipande vinavyobaki ni vya fundi, hakuna anayeuliza. Na banda lake la kuku nililiona: mbao nzuri kuliko za kitanda changu.

Nikachukua karatasi. Nusu ya paa ni pembetatu yenye pembe mraba. Kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba, futi kumi na mbili; mwinuko wa paa, nyuzi thelathini; upande mrefu wa mshazari ndio mbao ya kenchi yenyewe. Kumi na mbili gawanya kwa kosaini ya thelathini: futi kumi na tatu na inchi kumi. Mzee alikuwa ameniongezea zaidi ya futi tatu kwa kila mbao!

Asubuhi nikamsubiri uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Futi tatu zinakwenda wapi?"

Aliitazama karatasi yangu, kisha akaniuliza, "Nani kakupimia?"

"Hesabu."

Kama anavyofanya kwa kila nyumba, mzee alichora paa chini kwenye mchanga kwa ukubwa wake kamili, akachomeka kijiti mahali pa ukuta. Mbao yangu ikaishia pale pale kwenye kijiti. Mzee akasimama upande wa nje.

"Mimi ni mvua," akasema. "Nanyeshea wapi, bwana stashahada?"

Ukutani. Vibarua wakacheka mpaka wakakaa chini.

Miaka yote Dar nilijenga nyumba za paa la kufichwa nyuma ya ukuta, zisizo na upenu. Simenti huvumilia, udongo hauvumilii. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Upande wa chini wa pembetatu ndio nilioukata mfupi. Nikaongeza futi mbili za upenu, nikagawanya upya: kumi na sita na inchi mbili.

"Bado kuna inchi kumi, mzee."

"Hizo za kuku," akasema, bila aibu.

Nikaagiza kumi na sita na nusu. Alinuna siku nzima, lakini kila mbao ilikaa.

Mvua ya kwanza ilitokea ziwani ikitupiga ubavuni. Mama alikuwa ndani na sufuria zake, na ukuta ulibaki mkavu. Kesho yake nikaanza kurudisha nilivyoazima, mchana kweupe, ili mtaa wote uone: ngazi kwa jirani, tepu kwa shemeji, mwisho mirunda, ile miti ya jukwaa la fundi, kwa shangazi. Shangazi akaihesabu mara mbili.

"Imetimia," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, akaanza mara ya tatu.