Jiwe la Kabula

Nyie mliokulia kwenye karakana za Igoma, enzi zile randa inasukumwa kwa mkono, mtanielewa. Nyumbani kwetu mtoto hakuulizwa anataka kuwa nani akikua. Aliulizwa atanoa kwa kitu gani. Baba alikuwa fundi seremala, na alitaka kila mmoja achague njia yake ya kunoa akae nayo. Mimi kama mkubwa nikawahi jiwe la dukani, la pande mbili, linalotumia mafuta. Mdogo wangu Kabula akaenda ziwani, akarudi na jiwe jeusi, laini kama sabuni iliyotumika. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Basi yule mtoto akawa ananoa kwa maji, taratibu, halafu anamalizia kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe. Patasi yake ilinyoa vinyweleo vya mkono wa baba. Yangu ilimkwaruza tu. Jiwe langu lilishabonyea katikati, maana nilinoa palepale kila siku.

Baba alipopata kazi ya mabenchi ya kanisa kule Magu, kisu cha randa yake alimpa Kabula akinoe. Mbele yangu! Siku hiyo nilisusa ugali na sato. Wivu ulinikaba, nisiwadanganye. Alfajiri nikaiba lile jiwe la ziwani, nikanolea patasi yangu. Wapi! Ikabaki butu vilevile. Baba akanikuta, akaitazama mikono yangu, akaniambia:

"Tatizo si jiwe, baba. Unanoa kwa hasira."

Vijana wa leo hawana shida hiyo. Wanawasha mashine, cheche zinaruka, chuma kinaungua mpaka kinageuka buluu, na wao wanajirekodi kwa simu. Kesho kikiwa butu wananunua kingine. Hakuna anayemwonea mwenzake wivu kwa sababu ya makali. Nawacheka, lakini usingizi wanaolala natamani ungekuwa wangu.

Maana mimi sikuacha. Nimenoa miaka yote hii, na mwezi uliopita, kwenye kisu cha randa, nikayapata makali niliyoyatafuta tangu utotoni. Nikampelekea baba Usagara, anakoishi sasa. Macho yake hayaoni tena. Nikampa shikamoo, nikamwekea kile kisu mkononi bila kumwambia nani kakinoa. Akakipapasa kwa kidole gumba, uso ukamchangamka.

"Hii kazi ya Kabula," akasema. "Mwambie nimefurahi sana."

Nikamjibu, nitamwambia.