Viwavi wa Mialoni

Mjerumani aliyesimamia misitu juu ya Morogoro alikuwa na mialoni tisa, miti ya Ulaya iliyoota kwa mbegu za kwao. Mume wangu ndiye aliyeitunza. Aliimwagilia, akaifunika kwa nyasi wakati wa jua kali, hata nikaionea wivu.

Kisha majani yakaanza kuliwa.

"Ikifa, hamsa ishirini," alisema Bwana, yule Mjerumani. Sote tulielewa: viboko ishirini na vitano, hadharani.

Mume wangu alichunguza siku tatu. Akawaona wadudu wenye manyoya wakipanda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na kukipambazuka wakirudi kulala wote ndani ya mfuko wa nyuzi uliogandana na shina.

"Ni wale wa mkarati, mti wetu wa hapa," aliniambia. "Wamehamia kwa wageni."

Akampelekea Bwana habari: ni kiwavi. Bwana akafungua kitabu chake cha maneno, akasoma kwamba kiwavi ni mmea unaowasha. Akaamuru mimea yote iwashayo ing'olewe. Mume wangu aling'oa upupu wiki nzima, mikono ikavimba, na miti ikazidi kuwa uchi.

"Rudi ukamweleze," nilimwambia.

"Kwa mdomo huu? Atanifungulia kitabu tena. Nitampelekea kiwavi mwenyewe."

Akabandua mfuko mmoja, akaubeba juu ya jani la mgomba. Nilimfuata, mtoto mgongoni. Askari wa mlangoni akacheka.

"Mluguru, unahama? Mbona umekuja na mto wa kulalia?"

"Karibu uulalie, afande."

Bwana alichungulia nyuma ya kioo cha dirisha. Mume wangu akaupasua mfuko ili amwoneshe. Upepo ukashuka mlimani, ukapeperusha manyoya yote yawashayo, yakamwingia mume wangu machoni.

Bwana alifurahi mno kumwona kiwavi. Palepale akasahihisha kitabu. Mifuko ikachomwa moto, na hamsa ishirini ikafutwa.

Nilimwosha mume wangu macho kwa maji, kisha kwa maziwa ya ziwa langu. Mvua za vuli zilipoanza, alikuwa anaona mwanga tu. Uso wa mtoto aliujua kwa vidole.

"Mialoni imechipua?" aliniuliza siku moja.

Nilikuwa nimetoka kuipita. Ilijaa majani mapya, laini, yaking'aa kwa mvua. Niliichukia kwa moyo wangu wote.

"Imekauka," nikasema. "Yote tisa."

"Maskini," akasema. "Na ilikuwa mbali hivyo na kwao."